Habari isiyopigwa pindo

Daftari langu la vipimo nalitumia pande zote mbili. Mbele kuna vipimo vya wateja, kifua, kiuno, urefu wa mkono, tarehe ya kuchukua nguo na alichotanguliza. Nikiligeuza nikaanza kwa nyuma, huko naandika habari. Naandika siku niliyoisikia, wamesema nini, alafu pembeni naacha nafasi ya kuandika imeishia wapi. Juzi umeme ulikatika nikiwa na nguo tatu mezani, nikaligeuza daftari nikaanza kusoma kwa nyuma, na nilichokiona ni kurasa nzima nzima ambazo ile nafasi ya pembeni ni nyeupe, haina neno hata moja.

Mi ni fundi cherehani, kibanda changu kipo Ngamiani hapa Tanga, kwenye hizi barabara zetu za namba. Redio naiwasha nikifungua na naizima nikifunga, kwahiyo kwa siku taarifa ya habari inanipitia mara nne tano, na wateja nao kila mmoja anakuja na yake, huyu katumiwa kwenye simu, yule kaisikia kwenye daladala akitoka Pongwe, mwingine kaambiwa na shemeji yake aliyeko Dar. Nadhani watu wengi tunapokea habari hivyo hivyo, hatukai chini tukasoma ukurasa kwa ukurasa, zinatukuta mikono ina kazi. Lakini kuzipokea tukiwa kazini haina maana hatuzifikirii. Tunazifikiria sana, manake tunazifanyia maamuzi.

Mimi nilianza kuandika kwasababu ya kitambaa. Miaka kadhaa nyuma, mwezi wa 11 hivi, nilisikia redioni kwamba shule kadhaa za upande wetu zinabadili sare, sketi za bluu zinaondoka na kuanzia Januari watoto watavaa damu ya mzee. Ilielezwa vizuri kabisa, mkubwa mmoja akahojiwa akatoa na sababu. Sasa kwa fundi habari kama hiyo ni pesa, sisi kuanzia Krismasi mpaka shule zinafunguliwa tunaishi kwa sare, wazazi wanakuja wote kwa mpigo na kila mtu anataka Jumapili jioni mwanawe awe na sketi. Nikaenda kuchukua majora matatu ya damu ya mzee, hela nyingine nikakopa kwenye kikundi chetu, nikakata sketi za saizi tatu, nikatia mikunjo, nikazitundika mbele ya kibanda zionekane toka barabarani.

Januari ikafika na wazazi wakaja wameshika vitambaa vya bluu.

Nikamuuliza mama mmoja, "Mama, si walisema sare zinabadilika?" Akaniambia, "Aa fundi, ile si iliahirishwa, tuliambiwa kwenye kikao cha wazazi." Mi sina mtoto kwenye shule zile, kikao ntakijuaje. Redio ile ile iliyonipa habari mwezi wa 11 haikurudi kusema jamani lile tulilowaambia limesimama. Na siwezi kusema walinidanganya, kwasababu siku waliyosema ilikuwa kweli, ila mambo yakabadilika nyuma yao wakati wao washahamia kwengine. Deni la kikundi nililimaliza mwezi wa 6. Jora moja na kipande nimekaa nalo mpaka leo, mteja akija akakaa kwenye stuli yangu ule mto anaoukalia ni damu ya mzee, na pazia la kujaribia nguo ni damu ya mzee, na mfuko wa kuwekea vifungo ndo hivyo hivyo.

Tangu hapo habari nikiisikia naiangalia kama nguo. Gauni unaweza kulikata vizuri, kola imekaa, zipu imenyooka, lakini kama hujapiga pindo mteja atapendeza nalo siku ile ya kwanza tu, akilifua mara mbili nyuzi zinaanza kutoka chini na kila akitembea zinazidi. Habari zetu nyingi zimekatwa vizuri, ila pindo hazina. Tunaambiwa kitu kimeanza, kimezinduliwa, kimesainiwa, kitakamilika mwezi fulani, na ule mwezi ukifika tunaambiwa habari nyingine ya kitu kingine kilichozinduliwa. Hilo ndo jambo langu leo na nitalisema kwa mifano ya huku kwetu, kwasababu ndo ninayoiona kwa macho.

Habari kubwa kuliko zote mkoani kwetu kwa miaka hii ni bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima Uganda kuja Chongoleani. Tarehe 5 Agosti 2017 Rais Magufuli na Rais Museveni waliweka jiwe la msingi pale Chongoleani. Nakumbuka mji ulivyokuwa, wageni, magari, watu wana matumaini usoni, na wateja wangu wengine wakaanza kuulizia viwanja. Mwaka uliokuwa unatajwa ni 2020, kwamba hapo mafuta yatakuwa yanafika baharini. 2020 ikaja ikapita. Kumbe makubaliano ya mwisho ya kampuni na serikali mbili, yale ya kusema sasa rasmi tunatoa hela tunajenga, yalikuja kufanyika tarehe 1 Februari 2022. Hesabu mwenyewe, jiwe lilitangulia uamuzi wa pesa kwa miaka minne na nusu. Jiwe la msingi tulilisikia nchi nzima, vituo vyote, siku tatu mfululizo. Ule uamuzi wa 2022 ambao ndo ulikuwa kitu chenyewe, hapa barabarani kwetu niliowauliza hakuna aliyekuwa anaujua.

Na sababu za kuchelewa zilikuwepo, tena zinaelezeka kwa mtu yeyote. Uganda na zile kampuni zilivutana kuhusu kodi, alafu wanaharakati wa mazingira huko Ulaya wakapiga kelele mpaka benki kadhaa kubwa zikasema hazitokopesha mradi. Unaona sasa, maamuzi yanafanyika ofisini Ufaransa na Uingereza, na mtu wa Chongoleani aliyeambiwa asiendeleze shamba lake kwasababu limeshathaminiwa anasubiri bila kujua anasubiri nini. Hiyo ni habari ya kimataifa na ni habari ya mtaani kwa wakati mmoja, na kwenye redio zimekaa mbali mbali, ya Ulaya inasomwa kwenye habari za nje na ya Chongoleani haisomwi.

Kuna lingine kwenye bomba ambalo linaniuma zaidi. Ukikaa popote mjini hapa utasikia mtu anasema bomba likifika petroli itakuwa bei ya maji Tanga. Nimelisikia kwa madereva, kwa wauza samaki, nimelisikia hata kwa mwalimu. Jamani bomba lile linabeba mafuta ghafi, yanatoka Uganda kilometa 1,443, sehemu kubwa ya njia ipo kwenye ardhi yetu, yakifika Chongoleani yanaingia kwenye matangi yanasubiri meli, meli inapakia inaondoka kwenda kuuza nje. Pale hakuna mtambo wa kuyasafisha yawe petroli. Na mafuta yenyewe yana nta, yakipoa yanaganda kama samli asubuhi ya baridi, ndo maana bomba zima linapashwa moto yabaki kama nyuzi joto 50 yaweze kutembea. Tunachopata sisi ni pamoja na ajira za ujenzi na baadae chache za uendeshaji, na faida ya hisa zetu asilimia 15 kupitia TPDC, shirika letu la mafuta. Uganda nao kupitia shirika lao wana 15, TotalEnergies ya Ufaransa wana 62, CNOOC ya China 8. Sio kidogo, ni kitu kizuri na mi nakitaka kwa moyo wote, lakini sio petroli ya bei rahisi kwenye kituo cha hapa mjini. Miaka yote hii watu wanasubiri kitu ambacho hakimo kwenye mradi, na hakuna aliyerudi kuwaambia. Siku mafuta ghafi ya kwanza yakipakiwa na bei ya petroli ikabaki pale pale watu watasema wameibiwa, na hapo ndo maneno mabaya yatakapoanza.

Bandari ni mfano tofauti kidogo na nataka kuwa muadilifu. Zamani meli kubwa haikuwa inafika gatini Tanga, inatia nanga huko mbali kama kilometa 1.7, mzigo unashushwa kwenye matishari, matishari yanavutwa mpaka gatini, alafu unapakuliwa mara ya pili. Kazi moja inafanyika mara mbili na gharama mara mbili. Serikali ikaweka shilingi bilioni 429.1, wakachimba kina kutoka mita 3 mpaka 13, wakajenga magati upya, na leo meli inakuja kujifunga yenyewe gatini. Hii habari ilirudi. Tuliambiwa inaanza na tukaambiwa imekamilika, na ukisimama Raskazone meli unaiona kwa macho. Kwenye daftari langu pembeni nimeandika "kweli" na nikapiga mstari chini.

Ila nikaandika na swali. Kwasababu mi kilichonipeleka kuisikiliza ile habari ni kitambaa, zipu, lastiki, uzi. Nikafikiri meli zikifika hapa hapa basi jora litashuka bei. Nikamuuliza anayeniuzia pale Mgandini, shikamoo mzee, mbona bei ni ile ile, akanieleza kwa upole, "Mwanangu, kontena la vitambaa linanunuliwa na matajiri wa Kariakoo, wanagawana huko, mimi nafuata Kariakoo na basi, nauli na ushuru vinapanda juu ya jora. Meli ikifunga hapa imebeba mzigo wa mtu mwingine." Nikaelewa. Bandari imekamilika lakini biashara ya vitambaa haijahamia, kwasababu mwenye kuamua kontena lishuke wapi ni mwenye meli na mwenye mzigo, na wote hawaishi Tanga. Dakika mbili tu alizonieleza yule mzee sijawahi kuzisikia kwenye taarifa yoyote ya bandari, na nimesikiliza nyingi.

Na kabla ya hapo kulikuwa na Mwambani. Wale wa umri wangu mnakumbuka, miaka kwa miaka ilikuwa bandari mpya ya Mwambani na reli kutoka hapo kupita Arusha mpaka Musoma ili mzigo wa Uganda uvuke ziwa. Kila kiongozi aliyekuja aliitaja. Upande wa pili bahari ile ile ya Mwambani ikawekwa ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti mwaka 2009, kulinda yule samaki ambaye wataalamu walidhani katoweka mamilioni ya miaka mpaka alipopatikana Afrika Kusini 1938, na huku kwetu wavuvi wakaanza kumnasa kwenye nyavu kuanzia 2003. Mjomba wangu mvuvi wa Sahare anasema watu walikuwa wanamshangaa tu, samaki mzito, ana magamba kama ngao, mapezi yana kama vikonyo, na nyama yake haina ladha. Sasa bandari mpya na hifadhi ya samaki sehemu moja vinakaaje? Hilo lilikuwa swali zuri sana la kuulizwa hadharani. Kilichotokea tumeona wenyewe, ikachimbwa bandari ya zamani. Lakini Mwambani haikutangaziwa msiba, haikuzikwa, ilinyamaziwa tu, na mpaka leo kuna mtu ana kiwanja kule alichonunua kwa habari ile.

Sasa nije kwenye mpira, na wale wanaosema Watanzania tunapenda mpira kwasababu hatupendi mambo ya maana naomba wanisikilize. Kibanda changu kinatazamana na baraza la kahawa. Wazee na vijana pale wanaongea mpira asubuhi mpaka usiku na mi kwa miaka niliona kama ni kupoteza muda. Alafu nikaanza kuwasikiliza vizuri. Mtu anakwambia Coastal Union, timu yetu ya hapa Tanga, ilichukua ubingwa wa ligi 1988, anakutajia nani alicheza namba ngapi. Agosti 2023 Ngao ya Jamii ililetwa hapa uwanja wa Mkwakwani, Simba na Yanga fainali tarehe 13, mji hauna pa kukanyaga, mi nilishona bendera mpaka saa 8 usiku, dakika 90 bila bila, penati, kipa wa Simba Ally Salim akadaka tatu, Simba wakachukua 3 kwa 1. Mpaka leo kila mtu barazani anaweza kukueleza ile penati ilipigwa upande gani.

Kwanini wanakumbuka hivyo? Nimefikiria sana hili nikikanyaga cherehani na jibu langu ni kwamba habari ya mpira ina mwisho. Unaambiwa mechi Jumamosi saa 10, Jumamosi saa 10 inachezwa, saa 12 kuna matokeo, Jumapili kuna msimamo wa ligi, na aliyetabiri uongo anajulikana kwa jina na Jumatatu anaulizwa barazani. Mtu yeyote anaweza kuhakikisha. Mtangazaji wa mpira akisema Coastal itashinda ikafungwa, wiki ijayo lazima aanze na hilo. Nionyeshe eneo jingine la habari nchini ambalo mtangazaji anaanza na kile alichosema wiki iliyopita. Wazee wa kahawa sio kwamba hawana akili ya bajeti na mikataba, akili ile ile inayohesabu tofauti ya magoli ingeweza kuhesabu kilometa za barabara zilizowekwa lami na zilizobaki, kama wangepewa msimamo kila Jumapili.

Na ushahidi kwamba wanaweza ni EWURA, ile mamlaka inayodhibiti nishati na maji. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi wanatoa bei kikomo za mafuta, jedwali limepangwa, Dar peke yake, Tanga peke yake, Mtwara peke yake, kwasababu meli za mafuta zinashushia bandari hizo tatu na gharama hazilingani. Kijana wa bodaboda ambaye hajawahi kushika gazeti anajua hilo jedwali kuliko mimi. Jumanne jioni wanajaza tenki kama wanahisi itapanda. Wanaijua mantiki yake, bei ya dunia ya miezi miwili nyuma, dola, gharama za meli. Hakuna aliyewafundisha darasani, wamejifunza kwasababu habari ile inarudi kila mwezi kwa sura ile ile na unaweza kuilinganisha na ya mwezi jana.

Ila hata hapo pindo linaishia nusu. Mwaka 2022 vita ya Urusi na Ukraine ilipoanza Februari mafuta yakapanda mpaka petroli ikavuka shilingi 3,000 kwa lita, na serikali kuanzia Juni ikaweka ruzuku ya bilioni 100 kwa mwezi. Bodaboda wa kunipeleka Makorora akatoka 1,000 akaenda 1,500, akanieleza sababu nikaona ana haki. Baadae kuna miezi bei imeshuka, naliona jedwali nikamwonyesha, akanijibu, "Dada, mafuta yameshuka lakini spea, tairi na marejesho ya pikipiki havijashuka." Pengine anasema kweli, na bei ya mchele aliyokuwa anailipa mkewe nayo haikurudi. Lakini hilo ndo swali la kufuatilia, bilioni 100 kila mwezi ilimfikia nani, ilipoondoka nini kilibaki juu na kwanini. Nimelisubiri redioni. Nimeliandika kwenye daftari. Pembeni kweupe.

Nilishawahi kuona habari moja iliyopigwa pindo mpaka mwisho na nitaitaja kwasababu nataka watu wajue inawezekana. Kimbunga Hidaya, Mei 2024. Mamlaka ya Hali ya Hewa walianza kutangaza mapema kwamba kuna kitu baharini kinakuja, kila baada ya masaa taarifa mpya, kiko umbali gani, kinaenda kasi gani, mikoa gani, na Tanga tumo. Mjomba na wenzake walipandisha vyombo juu kabisa, ngalawa zimefungwa kwenye minazi, hawakwenda bahari siku tatu. Usiku wa tarehe 4 wakatangaza kimeingia nchi kavu Mafia na kimepoteza nguvu, hakipo tena. Kuna waliolalamika kwamba walikosa kuvua na huku kwetu hakikutupiga. Mjomba akasema hapana, mi sikuangalia kimepiga wapi, nilichokiangalia ni kwamba kila walichosema walirudi wakakisema tena kimefika wapi mpaka wakasema kimekwisha. Ndani ya mwezi ule ule tarehe 12 intaneti ikakatika kwasababu nyaya za chini ya bahari ziliharibika, simu zikawa kimya siku kadhaa, na watu wakarudi kwenye redio yangu kuuliza Hidaya kweli imeisha au imerudi? Nikawaambia imeisha, walisema wenyewe saa ngapi na wapi. Niliweza kujibu.

Kwa waandishi siwalaumu peke yao. Ninaye mteja mwandishi, namshonea vitenge, aliwahi kunieleza jinsi ilivyo. Uzinduzi una gari la msafara, una ratiba, una hotuba iliyochapwa, una mtu wa kuhojiwa aliyesimama anasubiri, na mara nyingi una posho. Kurudi baada ya mwaka kuangalia lile tangi la maji linatoa maji au halitoi, hapo nauli ni ya kwako, siku nzima imeisha, mhusika hapokei simu, na mhariri anakuuliza kuna nini kipya. Na kipato cha mwandishi wa mkoani anayelipwa kwa habari moja moja ni kidogo sana, sitamtaka alale na njaa ili mi nijue tangi linatoa maji. Kwahiyo ni kazi inayohitaji kulipiwa na anayemiliki kituo, iwekwe kwenye ratiba kama inavyowekwa michezo. Nusu saa kwa wiki. Wachukue habari za mwaka jana tarehe kama ya leo wazisome upya, alafu waseme kila moja imefika wapi, na ambayo hawajui waseme wanamtafuta nani. Mi ningesimamisha cherehani nikasikiliza, na najua baraza zima la kahawa lingevuka barabara kuja kwenye kibanda changu.

Na sisi wasikilizaji tuna letu. Habari ya uzinduzi tunaisambaza kwa simu dakika hiyo hiyo, picha tunaituma makundi kumi, hatuulizi tarehe. Mara mbili nimeletewa picha ya ajali ya basi nikaambiwa ni ya asubuhi ile, mtu mmoja hapa akapiga kelele kwasababu mdogo wake alikuwa safarini, kumbe picha ya miaka nyuma. Aliyeituma nilimwandikia, akanijibu "na mimi nimetumiwa", basi. Hakurudi kwenye lile kundi kusema jamani ile sio. Kwahiyo tunafanya yale yale tunayowalaumu nayo wenye vituo. Mi nimejiwekea sharti, habari nikiituma na ikaja kuwa sivyo naituma tena na masahihisho kwa wale wale niliowatumia, hata kama imepita wiki. Mara ya kwanza niliona haya. Siku hizi kuna watu wanasubiri nitume ndo waamini.

Kuna mama wa Chongoleani ananiletea nguo toka zamani, shamba lao lilipitiwa na mradi, fidia yao waliipata baadae sana kuliko walivyotegemea. Kila akija kupimwa, kabla hajavua mtandio, ananiuliza, "Fundi, umesikia nini kuhusu bomba?" Ananiuliza mimi wa Ngamiani, yeye ambaye akisimama nyuma ya nyumba yake anaona wanachojenga. Namgeuzia daftari namsomea. 2020, nimekata mstari. 2025, nimekata mstari. 2026. Alafu ananieleza yeye alichokiona wiki ile, magari mangapi yamepita, matangi yamefika wapi, kijana gani wa kijijini kaitwa kazini na nani karudishwa nyumbani, na mimi naandika pembeni kwa penseli, na ukurasa ule wa bomba ndo pekee ambao pembeni pamejaa mpaka nimelazimika kubandika karatasi nyingine kwa uzi.